Watakwimu wa viwandani: kutoka jina la kupanga hadi hati ya taaluma

Mwaka 1908 jarida la kisayansi la Biometrika, lililokuwa likihaririwa mjini London, lilichapisha makala iliyobadilisha namna wanadamu wanavyoupima ukweli pale ushahidi unapokuwa mchache. Mwandishi wake hakutajwa kwa jina lake halisi. Alikuwa mwajiriwa wa kiwanda cha bia mjini Dublin, Ireland, na mwajiri wake hakutaka ajulikane. Kisa chake ni mlango mwema wa kuingilia historia ya watakwimu walioajiriwa viwandani, kwani swali lililomkabili linawakabili warithi wake hadi leo: mtaalamu wa hesabu aliye peke yake ndani ya kampuni ataikuzaje taaluma yake?

Kiwanda kilichoajiri wasomi

Kiwanda cha Guinness kilianzishwa mwaka 1759 na Arthur Guinness katika eneo la St. James's Gate, Dublin. Kufikia mwisho wa karne ya 19 kilikuwa kiwanda kikubwa kuliko vyote vya bia duniani, na ukubwa huo ulikuja na matatizo yake. Katika kiwanda kidogo, fundi mtengeneza bia alitegemea macho, pua na ulimi wake. Aliichukua hopsi, maua yanayoipa bia uchungu wake, akaisugua kiganjani na kuinusa, kisha akaamua. Kiwanda kinachonunua shayiri na hopsi kwa maelfu ya tani hakiwezi kuiegemea pua ya mtu mmoja. Kosa dogo la ununuzi huzidishwa mara elfu, na hasara yake huonekana katika vitabu vya hesabu mwishoni mwa mwaka.

Ndiyo maana kuanzia mwaka 1893 wakuu wa Guinness walianza kuwaajiri vijana waliohitimu masomo ya sayansi katika vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge. Mmoja wao alikuwa William Sealy Gosset, mzaliwa wa Canterbury, Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1876. Oxford alifaulu kwa daraja la kwanza katika mtihani wa hisabati mwaka 1897, na kwa daraja la kwanza tena katika kemia mwaka 1899. Mwezi Oktoba mwaka huo akaripoti kazini Dublin, umri wake miaka 23.

Hakuajiriwa kuwa mtakwimu, kwa sababu cheo hicho hakikuwepo kiwandani. Aliajiriwa kuwa mtengeneza bia mwenye ujuzi wa kemia. Lakini ofisini walimjua kuwa ni mtu asiyeogopa hesabu, na wenzake waliposhindwa kuyafasiri matokeo ya majaribio yao walimpelekea yeye karatasi zao. Hivyo ndivyo cheo kilivyozaliwa: kazi ilitangulia, jina likafuata baadaye sana.

Swali la kibaba

Karatasi hizo zilikuwa na ugonjwa mmoja. Majaribio ya kiwandani ni ghali na huchukua muda, kwa hiyo idadi ya vipimo huwa ndogo. Fundi hupima nguvu ya kimea mara nne, akapata majibu manne yanayotofautiana. Je, tofauti hiyo inatokana na kimea chenyewe, au ni bahati nasibu tu ya upimaji? Mnunuzi wa karafuu huchota kiganja kimoja kutoka guniani na kukadiria hali ya gunia zima. Lakini kiganja hicho kinaaminika kwa kiasi gani? Na viganja viwili je, au vinne?

Nadharia ya makosa iliyofundishwa wakati huo ilitoa majibu kwa wale waliokuwa na vipimo vingi, mamia au maelfu. Kwa mwenye vipimo vinne haikusema lolote la kuaminika. Mwezi Novemba 1904 Gosset aliwasilisha kwa wakuu wake ripoti ya ndani kuhusu matumizi ya nadharia hiyo katika kazi za kiwanda. Humo alieleza manufaa yake, kisha akakiri mipaka yake na kushauri kwamba atafutwe mwanahisabati wa kushauriana naye.

Ushauri ulikubaliwa. Mwezi Julai 1905 Gosset alipanda baiskeli kwenda kumwona Profesa Karl Pearson wa Chuo Kikuu cha London, aliyekuwa mapumzikoni mashambani. Pearson ndiye aliyekuwa bingwa wa takwimu wa zama hizo na mhariri wa Biometrika. Mazungumzo ya siku moja yalimpa Gosset zana nyingi alizokuwa akizikosa, na katika mwaka wa masomo wa 1906 hadi 1907 kiwanda kilimruhusu kwenda London kusoma katika maabara ya Pearson.

Uamuzi huo wa kumtoa mfanyakazi kazini kwa mwaka mzima, akajifunze jambo ambalo wakuu wake hawakulielewa vizuri, haukuwa wa kawaida mwanzoni mwa karne ya 20. Faida yake ilionekana upesi. Mwaka 1907 Gosset alichapisha utafiti kuhusu kuhesabu chembe za hamira kwa darubini. Wafanyakazi wa maabara walihesabu chembe zilizoonekana katika viraba 400 vilivyochorwa juu ya kioo, na yeye akaonyesha ni kwa kiasi gani hesabu hiyo inaweza kukosea kwa bahati tu. Mwaka uliofuata ikatoka makala yake kuhusu sampuli ndogo.

Ili kuithibitisha nadharia yake, Gosset alitumia vipimo vya watu 3,000 waliokuwa wafungwa, yaani urefu wao na urefu wa kidole chao cha kati cha mkono wa kushoto, vilivyokwishakusanywa na mtafiti mwingine. Aliandika vipimo hivyo kwenye vipande 3,000 vya karatasi ngumu, akavichanganya barabara kama karata, kisha akavitoa vinne vinne hadi akapata sampuli 750. Matokeo yalilingana na hesabu zake. Wahenga walinena kwamba haba na haba hujaza kibaba. Gosset alionyesha jambo la pili: hata kabla kibaba hakijajaa, mtu anaweza kujua haba aliyo nayo inamruhusu kusema nini, na inamkataza kusema nini.

Jina la kupanga

Guinness haikutaka washindani wake wajue kwamba inatumia hesabu za namna hiyo. Wafanyakazi waliruhusiwa kuchapisha tafiti zao kwa masharti kwamba wasitaje kampuni, wasitoe siri za kazi na wasitumie majina yao. Gosset akachagua jina Student, maana yake mwanafunzi. Wenzake waliomfuata nao walijipa majina ya kupanga, miongoni mwao Sophister na Mathetes. Kwa takriban miaka 30 Gosset aliendelea kuandika hivyo. Wanasayansi wa karibu walimfahamu, lakini kwa msomaji wa kawaida alibaki mwanafunzi asiye na shule wala anwani.

Gharama ya usiri huo inaonekana katika mapokezi ya kazi yake. Makala ya 1908 haikuzua msisimko. Pearson mwenyewe, aliyezoea sampuli kubwa, aliliona jambo hilo kuwa la watengeneza bia, na aliwahi kumtania Gosset kwamba ni watengeneza bia watundu pekee wanaofanya kazi na vipimo vichache kiasi hicho. Mwaka 1922 Gosset alipomtumia mwanatakwimu kijana Ronald Fisher nakala ya majedwali yake, alimwandikia kwamba huenda yeye Fisher ndiye mtu pekee atakayewahi kuyatumia.

Fisher ndiye aliyelifungua pazia. Mwaka 1912, angali mwanafunzi wa Cambridge, alikuwa amemwandikia Gosset na kumpelekea uthibitisho kamili wa kihisabati wa kanuni yake, kwa njia ambayo Gosset alikiri kwamba hakuweza kuifuata. Mwaka 1925 Fisher alichapisha kitabu cha mbinu za takwimu kwa watafiti, na humo akaipa kanuni ya Student nafasi ya mbele. Tangu hapo kipimo kinachoitwa t cha Student kimefundishwa katika vyuo vikuu vya dunia nzima. Wengi wanaokitumia hawajui kwamba kilitoka kiwandani, wala kwamba Student hakuwa mwanafunzi wa mtu.

Mkulima aliyekuwa na haki

Gosset hakuacha kazi ya kiwanda ili awe profesa. Sehemu kubwa ya maisha yake ilipita katika mashamba ya shayiri. Guinness, kwa ushirikiano na idara ya kilimo ya Ireland, ilikuwa ikijaribu mbegu mbalimbali katika wilaya tofauti na katika miaka tofauti. Gosset alisisitiza tofauti hizo za mahali na misimu, akiamini kwamba mbegu iliyoshinda katika shamba moja na mwaka mmoja haijathibitisha kitu. Katika suala la kupanga majaribio ya shambani alihitilafiana na Fisher waziwazi katika miaka ya 1930, na urafiki wao haukufa.

Kutoka katika kazi hiyo kuna kisa alichokisimulia mwenyewe. Mbegu mpya iitwayo Spratt-Archer ilikuwa imefanya vizuri karibu kila mahali nchini. Katika wilaya moja, hata hivyo, wakulima waliikataa wakidai kwamba shayiri yao ya asili ni bora zaidi. Wataalamu wakaona huo ni ukaidi. Ili kuwaonyesha kosa lao, idara ikazilinganisha mbegu hizo mbili katika wilaya hiyohiyo, na kwa mshangao wake ikakuta kwamba wakulima walikuwa na haki. Shayiri yao ilichipua haraka na kuyafunika magugu, ambayo ni mengi katika udongo wa huko. Spratt-Archer ilikua polepole, ikafunikwa yenyewe.

Kisa hicho kinaeleza kwa nini Gosset alidumu kiwandani kwa miaka 38. Aliamini kwamba namba haisemi kitu mpaka aliyeiandika ajue ilikotoka. Aidha, alikataa wazo kwamba kuna kiwango kimoja cha uhakika kinachofaa kwa kila uamuzi. Tangu barua zake za awali kwa Pearson alishikilia kwamba kiwango hicho hutegemea uzito wa jambo lenyewe: ukikosea utapoteza nini, na jaribio jingine litagharimu kiasi gani. Hiyo ni hoja ya mtu anayekaa meza moja na wanunuzi na wahasibu, na inatofautiana na ya mtu anayekaa maktaba.

Mwaka 1935 alihamia London kusimamia upande wa sayansi wa kiwanda kipya cha Guinness huko Park Royal. Mwaka 1937 aliteuliwa kuwa mtengeneza bia mkuu wa kampuni nzima, cheo cha juu kabisa katika ngazi aliyoianza akiwa kijana. Alikishika kwa miezi michache tu. Alifariki dunia tarehe 16 Oktoba 1937, akiwa na umri wa miaka 61. Mwaka 1939 jarida la Biometrika lilichapisha kumbukumbu zake, moja kuhusu utu wake na nyingine kuhusu kazi yake ya takwimu, na mwaka 1942 maandishi yake yakakusanywa katika kitabu kimoja. Kitabu hicho nacho kilibeba jina la Student.

Simu, vita na Japani

Wakati Gosset akipima shayiri, upande wa pili wa bahari ya Atlantiki swali lilelile lilijitokeza katika bidhaa nyingine. Kampuni ya Western Electric ilikuwa ikitengeneza vifaa vya simu katika kiwanda cha Hawthorne, karibu na Chicago, kilichokuwa na makumi ya maelfu ya wafanyakazi. Walter Shewhart, mwanafizikia aliyejiunga na kampuni hiyo mwaka 1918, aliona jambo la ajabu: kadiri mafundi walivyozidi kurekebisha mitambo kila kasoro ilipojitokeza, ndivyo bidhaa zilivyozidi kutofautiana.

Tarehe 16 Mei 1924 alimpelekea mkuu wake waraka wa ukurasa mmoja tu. Humo alichora mstari wa wastani na mistari miwili ya mipaka juu na chini yake. Kipimo kikibaki ndani ya mipaka, tofauti ni ya bahati na mtambo uachwe. Kikitoka nje, kuna sababu maalumu na itafutwe. Mchoro huo, unaoitwa chati ya udhibiti, ungali unatumika viwandani baada ya karne moja. Nguvu yake haikuwa katika ugumu wa hesabu. Ilikuwa katika kueleweka kwake na msimamizi wa zamu asiyejua hesabu hizo.

Vita Vikuu vya Pili vya Dunia viliwapa watakwimu kazi nyingi na sauti ndogo. Mjini New York, Abraham Wald na wenzake wa Chuo Kikuu cha Columbia walibuni njia ya kukagua shehena za silaha hatua kwa hatua, ili mkaguzi asimame mara tu anapopata ushahidi wa kutosha. Serikali ya Marekani iliifanya njia hiyo kuwa siri hadi mwaka 1945. Kuanzia mwaka 1942 mafunzo ya udhibiti wa ubora yaliandaliwa kwa maelfu ya wahandisi wa viwanda vya Marekani. Mmoja wa walioyaasisi alikuwa William Edwards Deming, ambaye katika ujana wake aliwahi kufanya kazi Hawthorne wakati wa likizo za chuo.

Vita vilipokwisha, viwanda vya Marekani vilirudi katika desturi zao za zamani, na chati nyingi zikatoweka ukutani. Deming alieleza baadaye kwamba kosa lilikuwa wazi: wahandisi walifundishwa, wakuu wa makampuni hawakufundishwa. Mwaka 1950 alipoalikwa na Umoja wa Wanasayansi na Wahandisi wa Japani, hakuridhika na kuwahutubia wahandisi peke yao. Wakurugenzi wa makampuni makubwa waliitwa kumsikiliza. Mwaka 1951 Wajapani walianzisha tuzo kwa jina lake, na mwaka 1965 kampuni ya Toyota ikaipata. Nchini mwake mwenyewe Deming hakufahamika sana hadi mwaka 1980, pale televisheni ya NBC ilipotangaza kipindi kuhusu mafanikio ya Japani. Wakati huo alikuwa anakaribia umri wa miaka 80.

Mapipa ya Stella Cunliffe

Guinness yenyewe iliendelea kuwalea watakwimu. Mwaka 1947 ilimwajiri Stella Cunliffe, mwanamke aliyesomea uchumi katika London School of Economics, akafanya kazi katika kampuni ya nyama, kisha baada ya vita akajitolea kuwahudumia manusura wa kambi ya Bergen-Belsen nchini Ujerumani. Alikaa Guinness hadi mwaka 1970.

Kati ya visa alivyovisimulia, mashuhuri zaidi ni cha mapipa ya mbao. Kila pipa jipya lilikaguliwa. Mkaguzi alipolikubali, alilisukuma kwa mguu nalo likateremka lenyewe hadi mahali pake. Alipolikataa, ilimpasa kulipandisha kwa nguvu za mikono. Cunliffe alipoziangalia takwimu aliona kwamba mapipa yaliyokuwa karibu na mpaka wa kukataliwa yalikubaliwa kuliko ilivyotarajiwa. Hakuandika barua ya kuwashutumu wakaguzi. Mahali pa kazi palipangwa upya, ili kukataa pipa kusiwe na taabu kuliko kulikubali, na upungufu ule ukatoweka.

Hakuna kanuni ya hisabati iliyobuniwa siku hiyo. Kilichohitajika ni mtu wa takwimu aliyetoka ofisini akaenda kusimama penye mapipa. Baada ya Guinness, Cunliffe alikwenda Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza na kuwa mwanamke wa kwanza kufikia cheo cha mkurugenzi wa takwimu katika serikali ya nchi hiyo. Mwaka 1975 akachaguliwa kuwa rais wa Chama cha Kifalme cha Takwimu, kilichoanzishwa mwaka 1834. Alikuwa mwanamke wa kwanza kukalia kiti hicho. Student hakuweza hata kuandika jina lake chini ya makala. Cunliffe, aliyelelewa na kampuni ileile, alisimama mbele ya chama hicho na kuwasimulia wanataaluma wenzake mambo aliyoyaona kiwandani.

Taaluma yapata hati

Mabadiliko hayo hayakuja kwa hisani ya waajiri peke yao. Mwaka 1933 Chama cha Kifalme cha Takwimu kilianzisha tawi la utafiti wa viwanda na kilimo, mahali ambapo watu wa kampuni mbalimbali waliweza kukutana na kujadili mbinu bila kufichua siri za bidhaa zao. Mwaka 1948 kikaundwa chama kingine, kilichokuja kuitwa Taasisi ya Watakwimu, kwa lengo la kutoa mitihani na vyeti kwa wanaoifanya kazi hii. Vyombo hivyo viwili viliungana mwaka 1993, na tangu hapo mtakwimu wa Uingereza mwenye shahada na uzoefu wa kazi anaweza kuomba kutambuliwa kwa hati ya taaluma, kama anavyotambuliwa mhandisi au mhasibu. Nchini Marekani, Chama cha Takwimu cha nchi hiyo kilianza utaratibu kama huo mwaka 2010.

Sekta iliyowapa watakwimu nguvu ya kisheria ni ya dawa. Mapema katika miaka ya 1960 ilibainika kwamba dawa ya thalidomide, iliyotumiwa na wanawake wajawazito, ilisababisha maelfu ya watoto kuzaliwa na viungo vyenye kasoro. Mwaka 1962 Marekani ilibadili sheria na kuwataka watengenezaji waonyeshe, kwa majaribio yaliyopangwa ipasavyo, kwamba dawa inafanya kazi. Makampuni yaliyokuwa na mtakwimu mmoja yakahitaji idara nzima. Mwaka 1998 mwongozo wa kimataifa kuhusu majaribio ya dawa ulieleza kwamba kazi yote ya takwimu katika majaribio hayo iwe chini ya mtakwimu mwenye sifa na uzoefu unaostahili. Miaka 90 baada ya makala ya Student, uwepo wa mtakwimu mezani haukutegemea tena ukarimu wa mkurugenzi.

Hata hivyo maendeleo hayo hayakuenea kwa usawa. Katika viwanda vingi mtakwimu bado ni mmoja miongoni mwa wahandisi na wauzaji. Hana mkubwa wa kumkosoa kitaalamu, na kupanda cheo humaanisha kuiacha kazi aliyoisomea na kuwa meneja. Katika karne ya 21 wengi wao wamebadilishiwa hata jina na kuitwa wanasayansi wa data. Mishahara imepanda, na kompyuta hufanya kwa sekunde kazi iliyomchukua Gosset miezi. Lakini maswali ya kiganja na gunia hayajabadilika, na kompyuta haijui njia ya pipa inapanda au inateremka.

Kwa Afrika Mashariki historia hii ina uzito wake. Chuo cha Takwimu cha Mashariki mwa Afrika kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1961, na Taasisi ya Takwimu na Uchumi Tumizi ikaanzishwa katika Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, mwaka 1969. Lengo kuu lilikuwa kuzipatia serikali changa wataalamu wa sensa, bei na mazao, na hilo lilikuwa jambo la lazima. Leo wahitimu wa takwimu wanaajiriwa pia na mabenki, makampuni ya simu, viwanda vya vyakula na bima, ndani ya eneo hilo na ughaibuni. Wengi wanaingia kama alivyoingia Gosset mwaka 1899, kwa cheo chenye jina jingine, katika ofisi ambayo hakuna aliyetangulia kufanya kazi yao.

Mambo yaliyomkuza yeye yanajulikana. Mwajiri alimpa mwaka mmoja wa kusoma nje ya kiwanda. Alikuwa na watu wa kuandikiana nao barua waliojua kuliko yeye, na hakuona haya kusema pale asipoelewa. Aliwasikiliza wakulima. Alilokosa ni jina, na kwa kulikosa, mbinu iliyokuwa tayari mwaka 1908 ilisubiri hadi mwaka 1925 kabla ya kuwafikia watafiti wengi. Kampuni ilidhani inaficha siri ya bia. Kwa miaka 17 ilichelewesha zana ambayo madaktari, wakulima na wahandisi wa nchi nyingine wangeweza kuitumia.